Kosa la Theodora

Emilian hakuwa msomaji wa riwaya. Kazi yake Dodoma ilikuwa kutathmini hasara katika kampuni ya bima, na kwa miaka mingi aliziona hadithi za kubuni kama madai yaliyowasilishwa bila vielelezo. Mteja anasema nyumba imeungua, mwandishi anasema moyo umeungua, na picha hakuna. Riwaya ile aliisoma kwa sababu mke wake, Leonida, aliiacha kwenye meza ya chakula, na kwa sababu Jumapili hiyo umeme ulikatika mapema.

Kufikia jioni alikuwa ameimaliza, tena akiwa na penseli mkononi. Ilihusu kijiji cha milimani ambacho mwandishi alikipa jina la kubuni, lakini mtu yeyote aliyezaliwa Buger, kama Emilian, angekitambua: udongo mwekundu unaong'ang'ania viatu, nyumba za tembe zilizochimbiwa ubavuni mwa kilima, ndovu wanaoshuka kutoka msituni kuvuna mahindi ya watu. Mhusika mkuu, mwanamke aliyeitwa Theodora, alitengwa na majirani zake. Hawakumpiga wala kumtukana. Waliacha tu kumwomba chumvi, kumwazima jembe, kuingia kwake. Mwishowe alichukua sanduku lake alfajiri akaondoka, huru. Chini ya neno "huru" Emilian alipiga mistari miwili.

Ndiyo aliyokuwa akiyasema kwa miaka ishirini, kwenye harusi za wenzake na kwenye foleni za benki. Kwamba kwao, wilayani Karatu, utamaduni ni jina la heshima la umbeya. Ukikohoa usiku, asubuhi watu watatu wanakuletea asali, na wa nne anakuja kuuliza wale watatu walifuata nini. Ukinunua godoro, kilima kizima kinajua unene wake. Sherehe haiishi mpaka mzee asimame na kuomba baraka kwa muda ambao mtu mwingine angepalilia robo eka. Sasa mtu mwingine, tena aliyechapishwa, alikuwa amethibitisha.

Riwaya ilimfaa kwa jambo la haraka pia. Mama yake, Laurencia, aliishi peke yake Buger na macho yake yalikuwa yamefifia. Emilian alitaka kumhamishia Dodoma. Alishamwomba kwa simu zaidi ya mara moja, na kila mara mama alijibu kwamba ataangalia. Hoja yake kubwa ilikuwa ukweli alioupata kwa mama mwenyewe. Kila Jumapili alimuuliza ni nani amemtembelea wiki hiyo, na kila Jumapili mama alijibu kwamba hakuna. Mwanamke mzee, macho mabovu, nyumba isiyoingia mgeni: kwa lugha ya kazi yake, hiyo ilikuwa hatari isiyokubalika. Akachukua likizo, akachukua riwaya, akaendesha gari hadi Karatu mjini na kupanda kilima. Angemsomea mama habari za Theodora, mama angejiona humo, wangefunga mizigo.

Nyumba ya mama ilikuwa imezungushiwa uzio wa mabati wenye geti la chuma na kengele. Uzio ulikuwa kazi ya Emilian. Miaka mitatu nyuma mama alitaja kwenye simu kwamba mbuzi mmoja haonekani, naye akatuma fundi kutoka mjini. Mbuzi alirudi mwenyewe jioni ile ile, lakini fundi alikuwa ameshaanza kuchimba. Tangu hapo hakuna kilichopotea, na ofisini Emilian aliutaja uzio huo kama mfano wa kinga inayofanya kazi.

Ilikuwa Juni, na asubuhi ukungu ulitanda mpaka upande wa Ngorongoro ukafutika kabisa. Mama alikuwa na desturi ya kuota jua nje ya geti, kwa sababu ndani mabati yalilizuia mpaka karibu na adhuhuri. Emilian akatoa viti viwili, akavaa koti, akafungua sura ya kwanza.

Mbele ya geti palipita kijia cha kwenda bombani. Kilifuata uzio kona kwa kona, kikashuka korongoni, kikapanda tena. Mtu wa kwanza kupita alikuwa Selina, jirani wa ukuta kwa ukuta, mjane ambaye mwanawe alikuwa mpishi wa watalii kwenye kambi moja huko Ngorongoro. Alisalimia, akasikia jina la Theodora, akauliza ni wa ukoo gani. Emilian alimweleza kwamba hayupo, ni wa kubuniwa. Selina akatua ndoo, akaikalia, akasema kwamba atasikiliza kidogo.

Kesho yake alikuja na Aako Silvanus. Aako ni babu, na kila mtu kilimani alimwita hivyo, hata waliomzidi umri. Ndiye aliyekuwa mwombaji wa baraka katika shughuli zote, na Emilian alimkumbuka hasa kwa maumivu ya miguu. Siku ya tatu akaongezeka Hasani, mnunuzi wa mbaazi na ngwara kutoka Karatu mjini. Lori lake lilikuwa linasubiri mzigo, na Hasani hakuwa mtu wa kusubiri bila kuchangia mazungumzo.

Usomaji ulikwenda polepole kuliko ilivyopangwa. Theodora aliamka, akafungua dirisha, akavuta harufu ya kahawa. Selina aliomba pasomwe tena.

"Huyu mwandishi alikaa wapi?" akauliza.

Emilian alisoma jalada la nyuma. Lilisema kwamba mwandishi aliishi katika nyanda za juu za kaskazini kwa ajili ya utafiti.

"Alikaa lojini," Selina akasema. "Sisi hapa ukiamka unanusa ng'ombe."

Kisha maharage yakachanua mwezi wa nane, na ikabidi wasimame tena. Hasani alisema kwamba kama kuna mtu ana maharage yanayochanua mwezi wa nane, amwonyeshe, atanunua shamba zima. Emilian alitaka kusema kwamba katika fasihi mwezi si hoja. Badala yake alijisikia akisema kwamba tembe lenyewe halina dirisha la kufungua vile, lina tundu tu, na kwamba anayelala humo hawezi kuona jua likichomoza, kama kitabu kilivyodai, kwa sababu mlango hutazama bondeni, na bonde liko magharibi. Wote walimtazama. Ilimkera kidogo kugundua kwamba anajua.

Aako Silvanus ndiye aliyempa kazi zaidi. Yeye alisisitiza kwamba alimfahamu baba yake Theodora. Emilian alimfafanulia kwa utulivu kwamba Theodora hayupo na hajawahi kuwapo. Aako alikubali, akaongeza kwamba hata baba yake alikuwa hivyo hivyo: siku ya kulimiana, ukimtafuta humuoni.

Mama hakusema mengi. Alikaa na shuka lake mabegani, na kila kikao alipeleka chai. Selina alishukuru, akasema ameshakunywa. Aako alishukuru, akasema tumbo. Hasani peke yake aliipokea, akaomba na sukari, lakini Hasani alikuwa mtu wa mjini. Hakuna aliyevuka geti. Emilian aliyaona hayo yote kama anavyoona mtu rangi ya gari lililopita.

Tatizo lilianza kwenye sura ya kutengwa. Emilian aliisoma vizuri, kwa sauti ya mtu anayekaribia hoja yake. Mwandishi alieleza kwamba watu wa kijiji walimpa kisogo Theodora kwa sababu alithubutu kuwaza tofauti. Emilian alimtazama mama. Mama alikuwa anamtazama Selina, na Selina alikuwa amesimama.

"Kuwaza?" Selina alisema. "Mimi nawaza tofauti na padre tangu kipaimara, na chumvi bado naombwa."

Aako alisema kwamba mawazo hayajawahi kumzuia mtu kupita. Mtu hutengwa kwa jambo: amechota pasipochotwa, amesogeza mpaka, amekataa kubeba maiti. Hakuna mtu anayeacha kumsalimia jirani yake bure, kwa sababu kutosalimia kunachosha. Inabidi ukumbuke kila siku. Aliomba kujua kosa la Theodora.

Emilian alijibu kwamba kitabu hakikutaja kosa.

"Basi mwandishi ameficha, au hakuona," Hasani alisema.

Emilian alikasirika kwa niaba ya kitabu, ambalo lilikuwa jambo jipya maishani mwake. Kile kilikuwa kielelezo chake. Aliahidi kwamba atakipitia chote upya na kuwathibitishia kwamba kosa halimo, kwamba Theodora hakufanya lolote, na kwamba hivyo ndivyo vijiji vilivyo. Mchana huo alikaa mezani na penseli, akakipitia kama anavyopitia maelezo ya mtu aliyeunguliwa na duka. Uzoefu ulikuwa umemfundisha kutosumbuka na kile mwenye duka anachokisimulia kwa uchungu. Cha maana ni vitu vidogo anavyovitaja njiani bila kujua amevitaja. Aliruka machozi yote. Aliruka ndoto. Katika sura ya pili, katikati ya maelezo ya mandhari, akasimama.

Angeweza kunyamaza. Lakini hakuwa mtu wa kuficha kielelezo, hata kinachomuumiza, na kesho yake, ndoo zilipotuliwa, aliwasomea sentensi hiyo bila utangulizi:

"Alipanda minyaa kuizunguka nyumba yake, ikasimama kama mikono ya kijani inayomkumbatia, na wanawake wakapita mbali na ndoo zao, kimya kama vivuli."

Hasani alisema ni maneno mazuri. Selina hakusema hivyo.

"Wanakwenda wapi?" aliuliza.

"Akina nani?"

"Hao vivuli. Wana ndoo. Wanakwenda wapi?"

"Mtoni," Emilian alisema.

"Na sasa wanapita mbali. Kabla ya hiyo minyaa walipita wapi?"

Emilian aliitazama sentensi, ingawa alikuwa ameshaijua kwa moyo tangu jana. "Hapo hapo kwenye minyaa," alisema.

"Amefunga njia ya maji," Aako Silvanus akasema, ameridhika kama mtu ambaye redio yake hatimaye imeshika. Hasani alitikisa kichwa, akamsikitikia mwandishi: alikalia kesi nzima, akadhani ni maua.

Selina alitazama ndani ya ndoo yake. Aako alitazama mawingu. Hasani alitazama lori, ambalo halikuwa limefanya lolote. Kukaa hatua chache kutoka kwenye ukuta wa mabati yanayong'aa na kutoutazama ni kazi, nao waliifanya kwa bidii sana, kiasi kwamba Emilian aligeuka ili aone ni kitu gani hakitazamwi.

Aliona uzio. Aliona kijia kilivyoufuata kona kwa kona. Aliona, kwa ndani, kupitia geti lililokuwa wazi, mstari wa ardhi iliyokanyagwa tangu kabla hajazaliwa, ukitoka kwenye bati la upande wa juu wa kilima na kuishia kwenye bati la upande wa chini, bado haujaota majani vizuri. Mwenyewe aliwahi kuupita kwa mamia ya asubuhi, na kibuyu cha maji mgongoni. Alikumbuka chai iliyokataliwa, na Jumapili zote za "hakuna". Lilikuwa kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: alichukua tokeo akaliita chanzo. Mama hakutembelewa, kwa hiyo alihitaji kuondolewa. Na hakutembelewa kwa sababu mwanawe alimlinda.

Wakati wa chakula cha mchana alimuuliza mama kwa nini hakumwambia. Mama alimega ugali, akatafuna, akaeleza bila haraka. Emilian alijenga uzio kwa nia njema, tena alilipa fundi wa mjini. Yeye mama akiubomoa, amemwaibisha mtoto. Akiuacha, amewaudhi majirani. Akaona aangalie. Walikuwa wema, alisema. Hawakumfanyia neno baya hata siku moja, walikaa tu nje. Wangemzika bila shaka, ila wangekataa chai.

"Na huko Dodoma siwezi kwenda hivi," alisema. "Huyo Theodora wako kama aliweza, ni yeye. Mimi siondoki mahali nikiwa na neno na watu. Utanihamisha na sufuria zangu, na hilo neno utaliweka wapi?"

Walikuwa wamebaki na sura moja ya kitabu, na Emilian aliisoma siku iliyofuata kwa sauti ya chini zaidi. Theodora alichukua sanduku. Jogoo aliwika. Barabara ilimfungukia, naye alikuwa huru. Emilian akafunga kitabu.

"Endelea," Aako alisema.

"Kimeisha, Aako."

Hawakuamini. Hasani alikichukua akakagua kurasa za mwisho zenyewe, akapekua jalada, akathibitisha kwamba kweli kimeisha. Selina alisema kwamba huyo hakuwa huru, alikuwa amekimbia kesi. Aako Silvanus akatoa maelezo marefu ambayo Emilian, kwa mara ya kwanza, aliyafuatilia hatua kwa hatua. Kutengwa kuna nusu mbili, na mwandishi amechapisha moja. Anayetengwa anajua mlango wa kurudia uko wapi tangu siku ya kwanza: anapika pombe, anaita watu, anataja kosa lake, anasikiliza yao, wanakunywa, baraka inaombwa, na kesho yake anaombwa chumvi. Bila nusu ya pili, ile ya kwanza ni ukatili tu, na watu wa Buger si wakatili, wana mambo yao tu. Sasa kesi hii imeletwa mbele yao kwa sauti, ikasikika, na haiwezi kuachwa wazi juu ya mashamba ya watu wakati mbaazi hazijavunwa. Theodora apike pombe.

Emilian alisema tena kwamba Theodora hayupo.

"Hilo tulishalimaliza," Aako alisema. "Maneno yake nani aliyaleta hapa?"

Aliyeleta maneno ndiye anayepokea majibu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wajumbe wote kilimani. Emilian alifikiri. Kisheria haikuwa mbaya: ilikuwa uwakala, tena ulio wazi kuliko mikataba mingi aliyowahi kuisoma. Akaelewa pia kile alichokuwa anapewa. Hakuna mtu angetaja mabati. Hakuna mtu angemtaja yeye wala mama yake. Lilikuwa shauri la mwanamke wa kitabuni na minyaa yake, na lilikuwa na adabu kuliko barua yoyote ya malalamiko iliyowahi kufika mezani kwake.

Mama alipika pombe ya mtama. Ilichukua siku zake, na Emilian alitumwa kuni, akatumwa maji, akatumwa Karatu kwa Hasani kufuata asali. Alikwenda bombani kwa kijia cha korongoni mara kadhaa na ndoo mbili, na kila alipopanda alimkumbuka yule fundi bila upendo. Leonida alipiga simu kuuliza maendeleo. Alimjibu kwamba kuna kesi inasubiriwa, na alipoulizwa ni ya nani alisema ni ya mtu asiyekuwapo, ila yeye ndiye mwakilishi wake. Leonida alimuuliza kama anakula vizuri.

Watu walikuja zaidi ya alivyotarajia, wakajaza mbele ya geti, kila mtu na kigoda chake. Hasani alikuja na soda zake mwenyewe. Emilian aliwekwa katikati, juu ya kiti, na riwaya ikawekwa mapajani mwake ili isisahaulike yeye ni nani.

Malalamiko yalianza kwa ustaarabu. Mwanamke mmoja alimwambia Theodora kwamba tangu apande minyaa, mvua ikinyesha, korongo halipitiki na watoto wanachelewa shule. Mwingine alimwambia kwamba mkwewe aliposhikwa na uchungu walizunguka naye usiku kwenye matope, wakipita nje ya nyumba ya Theodora, na taa ya Theodora ilikuwa inawaka. Emilian aliinamisha kichwa. Mama, aliyekuwa amekaa pembeni, alivuta shuka juu kidogo.

Kisha akasimama Selina, na ikaonekana kwamba alikuwa amejiandaa.

"Theodora," alisema, "miaka thelathini nimeingia kwako bila hodi. Nimekuzalishia mbuzi. Umenifungia mtoto wangu mgongoni. Njia sawa, umefunga, mtu hukosea. Lakini kengele? Mimi nibonyeze kengele?"

"Kitabuni hamna kengele," Hasani alisema.

"Nyamaza wewe. Hujasoma vizuri."

Watu wakakubaliana kwamba kengele ilikuwamo. Emilian, aliyekuwa na kitabu mkononi, hakuipinga. Aliulizwa Theodora anasemaje. Alisimama.

"Sikuuliza njia inapita wapi," alisema. "Niliogopa wezi. Mbuzi alipotea, nikaona heri kuzuia kabla ya..."

"Theodora hana mbuzi," Hasani alisema tena.

"Anaye," wakamjibu watu wengi kwa pamoja, na Aako Silvanus akamwashiria Emilian aendelee.

"Nilidhani nimemlinda," Emilian alisema. "Yaani nimejilinda. Nilipima vibaya. Naomba njia ifunguliwe."

Hukumu ilikuwa fupi. Minyaa ingekatwa juu na chini, mahali njia ilipo, na kengele ing'olewe. Geti halikuwa na kosa lolote. Selina mwenyewe alisema ni geti zuri na libaki. Hivyo vijana walikuja na nyundo, wakang'oa mabati ya juu na ya chini, na mabati mengine mawili yaliyokuwa kando ya geti, kwa kuwa walikuwa wameshashika nyundo. Likabaki geti la chuma lililofungwa kwa kufuli, imara, na pembeni yake pengo la kupita ng'ombe wawili.

Watu wakaingia. Ndani ya ua Aako Silvanus alishika kibuyu, akamwaga pombe kidogo chini, akaanza slufay, ile baraka ndefu ambayo anayeomba hutaja na wengine huitikia. Utotoni Emilian aliivumilia kwa kusimama mguu mmoja mmoja. Sasa, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya, alisikiliza maneno. Aako aliombea dhidi ya ukame na dhidi ya mvua iliyozidi. Aliombea dhidi ya radi, fisi, ndovu, viwavi, uzazi mgumu, ugonjwa wa mifugo usio na jina, mtu anayetabasamu na moyo wake umefunga, pikipiki kwenye kona. Alitaja mtoto aliye mbali na mgeni aliye njiani. Alimtaja Theodora na ukoo wake, ingawa ukoo wenyewe ulikuwa mgumu kuonekana. Emilian, kwa mazoea ya kazi, alianza kutafuta hatari iliyosahauliwa, na hakuipata. Ilikuwa bima ya kila kitu, kwa watu wote waliosimama pale, bila maandishi madogo mwishoni. Ofisini kwake wangeikataa kwa sababu hiyo hiyo. Alijikuta anaitikia, kwanza kwa kuchelewa, baadaye kwa wakati.

Asubuhi iliyofuata aliamshwa na ndoo. Kulikuwa na watu wanapita uani tangu mapambazuko, na kila mmoja alikuwa na neno kwa mama. Mmoja aliomba chungio. Mmoja aliomba chumvi, akakaa. Selina aliingia jikoni bila hodi na kutoa maoni kuhusu mahali sufuria zinapowekwa siku hizi. Kufikia saa nne mama alikuwa hajapata nafasi ya kunywa chai yake, na alionekana mdogo kwa miaka kumi, jambo ambalo Emilian hakuweza kulithibitisha lakini hakuweza kulikanusha.

Alisubiri mpaka jikoni pakatulia, akakaa kwenye kigoda.

"Sasa naweza kwenda," mama alisema kabla hajaulizwa. "Sina neno na mtu. Nifungie vile vyombo viwili vya udongo, visivunjike."

Emilian alikuwa amekuja na majibu ya kila namna ya kukataa. La kukubali hakuwa nalo. Akaanza kueleza, kwa uaminifu, mambo ambayo hakuwahi kuyaeleza kwenye simu: kwamba yeye na Leonida hutoka kabla ya jua na kurudi jioni, kwamba watoto wako bweni, kwamba nyumba ni nzuri, ina maji ndani, na ukuta wake ni mrefu kuliko huu uliokatwa. Mama aliuliza jirani wa upande wa kulia ni nani. Emilian alisema ni mtu mwenye gari jeupe.

"Na nikianguka bafuni?"

"Tutakukuta jioni," Emilian alisema. Huo ndio ulikuwa ukweli.

Mama alifikiri. Hakuonekana kuogopa, alionekana kama mtu anayekadiria gunia.

"Kama unataka, nitakwenda," alisema. "Wewe ni mwanangu."

"Mama, wewe unataka?"

Laurencia aligeuza uso wake upande wa sauti yake, na macho yale yaliyofifia yakatafuta mahali alipo. "Ndiyo kwanza unaniuliza," alisema. "Sitaki, baba. Nitakuja Krismasi, nikae wiki, nimjue huyo mwenye gari jeupe. Halafu unirudishe."

Emilian alimpigia Leonida. Leonida alikuwa ameshatandika kitanda cha chumba cha mbele na alitaka kujua sababu, maana alimjua mumewe kuwa mtu wa sababu. Emilian alizipanga kichwani: njia, maji, baraka, bafu. Akaona nyingine zote zinategemea moja.

"Hataki," alisema.

Leonida akauliza kitabu chake kiko wapi. Emilian alisema kiko kwa Selina. Anakirudia kutoka mwanzo na miwani ya mwanawe, anatafuta makosa mengine.

Alipakia gari mchana: debe la maharage, kuku mmoja mwenye hasira, pombe iliyobaki kwenye kidumu. Watu waliokuja kumuaga walikaa uani wakala, na wawili kati yao walikuwa hawajui kwamba anaondoka. Walikuwa wanapita tu. Alimkumbatia mama, akaingia ndani ya gari, akaliwasha, akashuka tena kwa sababu kulikuwa na jambo bado anataka kumwambia, na hakulikumbuka ni lipi.

Selina alikuwa amesimama nyuma ya gari, na ndoo kichwani.

"Baba," alisema, "umelipaki njiani."

Emilian aliangalia. Magurudumu ya nyuma yalikuwa juu kabisa ya ile ardhi iliyokanyagwa. Akaomba radhi, akapanda, akalisogeza. Na kwa kuwa lilikuwa limeshaanza kuteremka, akapunga mkono dirishani na kuendelea nalo.